Maji Yaliyofichwa Kwenye Orodha

Mapishi ya mtindi wa tango, ukiyavua picha na maneno ya kukaribisha, huandikwa hivi:

Mtindi wa Kigiriki, vikombe 2. Tango 1 kubwa, lililokwanguliwa na kukamuliwa. Kitunguu saumu, punje 2, zilizopondwa. Mafuta ya zeituni, vijiko 2. Siki au maji ya limau, kijiko 1. Shibiti au nanaa, iliyokatwakatwa. Chumvi kiasi. Changanya vyote kwenye bakuli. Weka kwenye friji saa 1. Pakua ikiwa baridi.

Maneno hayo nimeyapanga mwenyewe, ila umbo lake ni la kila mtu: orodha ya vitu juu, amri fupi fupi chini, kipimo kando ya kila jina. Wagiriki wanakiita chakula hiki tzatziki na wanakila na nyama ya kuchoma na mkate. Waturuki wana cacık, nyepesi zaidi, ambayo mara nyingi huliwa kwa kijiko kama supu baridi. Kwenye nyumba za Wahindi wa Mombasa, Unguja na Kampala iko raita, inayokaa kando ya biriani. Kwa hiyo mtindi na tango kukutana bakuli moja si jambo geni Afrika Mashariki. Ninachotaka kukihakiki hapa ni namna mkutano huo unavyoandikwa.

Shuleni tulifundishwa kutenganisha fani na maudhui, na tukaizoea fani kama jambo la mashairi, riwaya na tamthilia. Tunauliza nani anasema, anaanzia wapi, nini kimetangulizwa, nini kimewekwa nyuma ya pazia, muda unapitaje. Maswali hayo yanastahili kuulizwa pia kwa mapishi, kwa kuwa hakuna maandishi mengine ambayo msomaji huyatii kwa mikono yake namna hii. Fani ikikosea, watu wanalila kosa mezani. Na mapishi haya ya mtindi wa tango yana kosa la fani. Kazi kubwa kuliko zote katika chakula hiki ni kuyatoa maji, kwanza kwenye mtindi, kisha kwenye tango. Kazi hiyo haimo kwenye hatua. Imesukumwa juu, ndani ya vivumishi vya orodha, ili hatua zibaki tatu na muda wote uonekane saa moja.

Ninayasomea Sonatubes, kwenye yale makutano ya wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali, yaliyochukua jina la kiwanda cha mabomba. Barabara moja inaelekea uwanja wa ndege wa Kanombe, nyingine inashuka Rwandex kwenda mjini, nyingine inapita Kicukiro Centre hadi Gahanga na Bugesera. Mahali anaposomea mtu hubadilisha anachokiona kwenye maandishi, na hapa karibu kila mstari wa orodha unatimizwa bila taabu. Tango, limau na kitunguu saumu viko soko la Ziniya kila siku. Muuzaji anakutilia kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Nanaa hupatikana kwa urahisi kuliko shibiti, na inafaa vizuri tu. Maziwa ndiyo usiseme. Nchi hii iliyoanzisha mpango wa Girinka mwaka 2006, wa kugawa ng'ombe kwa familia maskini, ina vibanda vya maziwa karibu kila mtaa, na mtu mzima huingia, akaketi, akaagiza glasi ya ikivuguto, maziwa machachu ya kunywa, kama kwingine watu wanavyoagiza soda. Mstari unaogoma ni wa kwanza. Mtindi mzito wa Kigiriki, ukiupata kwenye supamaketi kubwa, una bei ya kununua siku ya sikukuu.

Mstari ukigoma, msomaji analazimika kuufungua aone kilichomo ndani. Aliyeuandika alikuwa na kiwanda nyuma yake: mtu mwingine alikwisha kuchemsha maziwa, kuyagandisha na kuyachuja, na matokeo yake yakafungwa kwenye kopo. Kivumishi "wa Kigiriki" kinabeba kazi hiyo yote. Msomaji wa Athens au Chicago anapita juu yake bila kusimama, kwa kuwa kwake ni jina la kitu kilichoko dukani. Msomaji wa Sonatubes anasimama hapo, na akisimama anagundua kwamba mapishi yanaanzia katikati.

Tuufungue basi, maana humo ndimo kilimo chakula chenyewe.

Wazo la kwanza la mtu wa Kigali ni ikivuguto, na ni wazo la haki, lakini umbo la ikivuguto ni jingine. Cha asili huanzia kwenye maziwa yaliyoachwa yachachuke kwenye chombo cha mti, katika joto la kawaida la nyumba, kisha hutikiswa ndani ya igisabo, kile kibuyu kikubwa, hadi siagi ijitenge na kuondolewa. Kinachobaki ni maziwa machachu yaliyokwisha kuvunjwavunjwa, mepesi, ya kunywa. Uzuri wake uko katika kuvunjika huko. Ukikimimina kwenye kitambaa ili kichujike, kinapenya kwa wepesi, na kinachosalia juu ni kidogo na kikali. Mtindi wa kuchuja unatakiwa uwe umeganda ukatulia, bila kutikiswa, mpaka ukikata kwa kijiko ukuta wake usimame. Ndipo maji huondoka na unene ukabaki.

Yogati ya dukani isiyo na sukari wala ladha ya matunda inafaa. Soma kopo vizuri, kwa sababu nyingi zina vanila au sitroberi, na hakuna kitunguu saumu kitakachopatana nazo. Ukitaka kuanza na maziwa, unahitaji lita moja na muda. Maziwa huchemshwa, halafu huachwa yapoe hadi nyuzi 45 hivi, kwa sababu bakteria wa yogati hupenda joto hilo, tofauti na wale wa ikivuguto wanaoridhika na joto la chumba. Kisha huwekwa vijiko viwili vya yogati iliyo hai, hukorogwa taratibu, hufunikwa. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa blanketi. Sufuria nayo inahitaji blanketi, la sivyo asubuhi utakuta maziwa yaleyale ya jana, vuguvugu na yasiyo na uamuzi.

Baada ya hapo huja kitambaa. Melimeli ndiyo bora, au kitambaa chochote cheupe cha pamba kilichofuliwa kikasuuzwa mpaka harufu ya sabuni ikaisha. Kinatandazwa juu ya chujio, chujio juu ya bakuli, mtindi unamiminwa, ncha nne zinafungwa. Tazama kinachodondoka. Mwanzoni ni weupe mwepesi, kwa kuwa nyuzi za kitambaa bado hazijaziba. Baada ya dakika chache yanatoka maji safi ya rangi ya njano iliyoingia ukijani kidogo, tone baada ya tone, na sauti ya tone kwenye bakuli inabadilika kadiri bakuli linavyojaa. Ndani ya kitambaa mtindi unashuka na kuacha ukingo mkavu ubavuni. Baada ya saa nne hivi umekuwa mzito wa kupaka. Ukiuacha usiku kucha kwenye friji unafikia ule uzito ambao Waarabu huufanya labneh na kuuviringisha vidonge. Lita moja ya mtindi imekuachia karibu nusu yake.

Usiku mmoja wa kugandisha na nusu siku ya kuchuja: hivyo ndivyo vikombe viwili vya mstari wa kwanza. Baada ya kuyajua hayo, rudi usome "saa 1" ya mwisho wa mapishi. Ni kweli kwa jambo dogo, la kupoza bakuli, na si kweli kwa jambo kubwa.

Umbo hili lina historia, na si ndefu sana. Vitabu vya zamani vya upishi viliandika vitu ndani ya maelezo yenyewe, kila kitu kikitajwa pale kinapoingia chunguni. Kitabu cha al-Baghdadi, kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226, mara nyingi huanza pishi kwa kueleza utengenezaji wake katika kauli ya kutendwa: nyama inakatwa, inawekwa, inachemshwa, bila kusema na nani. Huko Uingereza Eliza Acton, mwaka 1845, alikusanya vipimo vya kila pishi akaviweka peke yake mwishoni mwa maelezo. Isabella Beeton, kwenye kitabu chake cha 1861, aliitoa orodha mwishoni akaipandisha juu. Mwaka 1896 Fannie Farmer wa Boston akakaza vipimo: kikombe na kijiko vijazwe, vikatwe sawasawa kwa kisu.

Nadhani hatua ya Beeton ndiyo iliyobadili mambo zaidi, kuliko hata ile ya vipimo. Orodha ikiwa mwishoni ni muhtasari wa kazi uliyokwisha kuisoma. Ikiwa mwanzoni inakuwa sharti: kabla hujaanza, uwe na hivi. Na chochote kilichoorodheshwa kama sharti kinahesabiwa kuwa tayari. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa wa kuiingiza kazi kwenye orodha kwa kuivika vazi la sifa. Tango "lililokwanguliwa na kukamuliwa" si tango la sokoni. Ni tango ambalo mtu amelishughulikia, na mtu huyo ni wewe, ila sarufi imekuondoa. Kauli ya kutendwa inamficha mtenda, na wakati uliopita unaisukuma kazi nyuma ya mwanzo wa maandishi. Kwenye tamthilia tungesema tukio hilo limetokea kabla pazia halijafunguliwa. Mwandishi wa tamthilia hufanya hivyo kwa makusudi, akijua mtazamaji atasimuliwa baadaye. Kwenye mapishi hakuna atakayesimulia.

Tango linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapo umbo linakosea kwa namna nyingine, ya mpangilio. Tango ni maji kwa kiasi cha asilimia 95. La gramu 300 lina maji yapata gramu 285, na yote yako tayari kuingia kwenye mtindi ulioutolea jasho. Kulikamua hivihivi hakutoshi, kwani maji yamefungiwa ndani ya chembechembe zake. Kinachoyatoa ni chumvi. Likwangue, linyunyizie kijiko kidogo cha chumvi, lichanganye kwa vidole, liache. Mwanzoni nyuzi zake zinasimama, kijani hafifu, zinakwaruza kiganja. Baada ya robo saa zimelala, zimeingia rangi ya kijani iliyoiva, na chini ya bakuli kuna dimbwi. Ukizifumbata na kuzibana, yanatoka maji ya kujaza gilasi ndogo, na kinachobaki mkononi ni tonge.

Sasa tafuta chumvi kwenye mapishi yale. Iko mwisho wa orodha, "kiasi", mahali pa kitu cha kuonjea. Chumvi iliyokuwa mfanyakazi wa kwanza imeandikwa kama mgeni wa mwisho, na anayefuata mpangilio huo ataitia wakati tango limekwisha kuingia kwenye mtindi. Hapo chumvi itaendelea na kazi yake ileile ya kuvuta maji, safari hii ndani ya bakuli, na kesho yake mtindi wa tango utakuwa umelegea, maji yakielea juu. Wengi hulaumu mtindi. Mimi nalaumu mpangilio wa orodha.

Nina jirani, mama aliyekulia Bukavu, ambaye hutengeneza mtindi wa tango kila akiwa na wageni. Nilimwomba anieleze, naye akasema bila kuacha alichokuwa akifanya:

"Unachukua tango lako, unalikwangua na ganda lake kama ni changa. Unatia chumvi, unaliacha. Wewe fanya kazi zako. Unarudi, unalikuta limelala ndani ya maji yake. Unalikamua, unalikamua tena, mpaka linaacha kudondoka. Sasa ule mtindi wako wa jana, ule uliotundika, umeshakuwa mzito, kijiko kinasimama. Ndiyo unachanganya."

"Chumvi kiasi gani, mama?"

"Tango litakuonyesha, mwanangu. Likilala, imetosha."

Hii ni fani kamili, na ina kanuni zake. Nafsi ya pili haikuondolewa hata mara moja: unachukua, unarudi, unakuta. Vitu vina mwenyewe, tango ni lako na mtindi ni wako, na umiliki huo unakupa jukumu. Isipokuwa mara moja, kitenzi hakiko katika amri. Kiko katika wakati uliopo, kana kwamba anakuona ukifanya. Na amri hiyo moja ni sentensi ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote cha upishi: wewe fanya kazi zako. Maandishi huruka kipindi cha kungoja kwa sababu hakuna amri ya upishi ya kutoa. Yeye amekipa kipindi hicho sentensi nzima, akamjazia msikilizaji muda wake, na sentensi hiyo ina urefu unaokifanya kingojeo kisikike.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi naye anavyorukia katikati. Kama orodha, yeye pia haanzi na maziwa. Mtindi wake unaingia ukiwa umekwisha kuchujwa. Lakini msikilize anavyoutaja: ule wa jana, ule uliotundika. Mtenda yumo ndani ya kitenzi, na kazi imewekewa tarehe. Orodha inasema mtindi umetoka wapi, mama anasema umetoka lini. Kwa mpishi, lini ndilo swali.

Swali la wapi limefikishwa hata mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini London iliamua, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikathibitisha, kwamba kampuni ya Chobani haiwezi kuuza Uingereza mtindi uliotengenezwa Marekani na kuuita wa Kigiriki. Mlalamikaji alikuwa Fage, kampuni iliyoanzia Athens. Hukumu ilihusu kile mnunuzi wa Uingereza anachokielewa akisoma jina lile kwenye kopo, na kwa biashara hilo ni jambo kubwa. Jikoni linatuachia kivumishi kinachotaja nchi na kunyamaza kuhusu kitambaa.

Kiungo kikuu cha masimulizi ya jirani yangu ni kishazi cha kikomo: mpaka linaacha kudondoka, kijiko kinasimama, likilala. Kila hatua inaisha kwa dalili inayoonekana au kuguswa. Saa ya ukutani haimo. Nimefika kuamini kwamba vishazi hivi ndivyo uti wa mgongo wa mapishi yoyote mazuri, na Kigali inaonyesha sababu. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100. Mtindi ulioachwa mezani hapa bila blanketi unachelewa kuliko ulioachwa mezani Dar es Salaam, ambako usiku una joto zaidi. Dakika zilizoandikwa mji mmoja zinakosea mji mwingine. Lakini "mpaka kidole kivumilie huku ukihesabu kumi", namna wazee walivyopima maziwa yaliyopoa kiasi cha kutiwa mbegu, inasafiri kutoka pwani hadi Kicukiro bila kurekebishwa, kwa kuwa kidole ni kilekile.

Wasomaji wengi wa Kigali wanapitia mabadiliko ya fani, kutoka orodha hadi masimulizi, kila siku. Rwanda ina lugha rasmi nne tangu Kiswahili kilipoongezwa kisheria mwaka 2017. Mapishi husomwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kisha husimuliwa kwa Kinyarwanda au Kiswahili kwa dada, kwa mpishi, kwa mtoto anayetumwa Ziniya. Katika kusimuliwa huko orodha inavunjika yenyewe. Hakuna mtu anayemwambia mwenzake jikoni "tango moja, lililokwanguliwa na kukamuliwa". Anamwambia alikwangue, alikamue. Kila anayesimulia anarekebisha kosa la fani, na hapewi sifa.

Sisemi masimulizi yanashinda kwa kila jambo. Mama wa Bukavu hakusema maziwa yachemke, kwa sababu kwake hilo halisemwi. Lakini kijana anayeanza maisha chumba cha kupanga, mwenye maziwa mabichi mkononi, anahitaji kuambiwa waziwazi. Hakusema yogati isiwe na sukari. Hakutaja idadi ya punje za kitunguu saumu. Na anayemsikiliza lazima awe amewahi kuona kijiko kikisimama kwenye mtindi, vinginevyo dalili haimfundishi kitu. Orodha nayo ina mahali pake pa haki, nalo ni sokoni. Mtu aliyesimama mbele ya meza ya matango anataka majina na idadi, hana haja ya visa.

Kitunguu saumu kinahitaji neno zaidi, kwa kuwa kimeumizwa na amri ile ya "changanya vyote". Ukali wake haumo kwenye punje nzima. Unazaliwa punje inapopondwa na chembechembe zake kupasuka, na punje ikiwa mbichi ndani ya mtindi, unazidi kujitangaza kadiri saa zinavyopita. Siki au limau vikigusana nacho mapema huuzuia ukali huo. Kwa hiyo kukiponda kwa chumvi kidogo na kukilaza kwenye limau dakika kumi kabla ya kukutana na mtindi ni jambo moja, na kukitupa bakulini pamoja na vingine ni jambo jingine kabisa, ingawa orodha ya vitu ni ileile. Kama bakuli litalala hadi kesho, punje moja inatosha. Mbili za orodha zitafunika tango lote.

Na hiyo "vyote" inafanya kazi ya ajabu. Mtindi, tango, mafuta, siki, nanaa, chumvi: kila jina lilikuja na ngeli yake, na kila ngeli na upatanisho wake. Kiswahili, kinapokusanya vitu vya ngeli mbalimbali, huvifunika kwa kiambishi cha vi-. Hivyo sentensi inafanya kwenye sarufi kile ambacho kijiko kinafanya kwenye bakuli, na kwa kasi ileile isiyobagua. Ni sentensi nzuri. Inanisikitisha kwamba imewekwa mahali ambapo mpangilio ulikuwa muhimu kuliko mkusanyo. Kisha "pakua ikiwa baridi", ambapo kiambishi i- kinarejelea kitu ambacho maandishi hayajakitaja popote. Chakula kinapakuliwa bila jina, kwa watu wasiotajwa, kando ya sahani isiyojulikana.

Sonatubes sahani hiyo inajulikana. Ni brosheti za mbuzi zinazotoka motoni, ndizi za kuchoma, viazi, na kichupa cha Akabanga mezani. Pilipili ile ya mafuta inawasha, nyama inatoa mafuta yake ya moto, na mtindi wa tango unasimama katikati ukiwa baridi na mkavu. Mkavu, narudia, kwani mtindi wenye maji huteleza kutoka kwenye kipande cha nyama na kuiacha tupu. Chakula cha kuchovyea kinapimwa kwa kile kinachobaki kwenye nyama kati ya bakuli na mdomo, na kinachobaki kinategemea maji yaliyotolewa. Kwa hiyo kosa la orodha halikuishia kwenye karatasi. Linaonekana kwenye mshikaki.

Ningeyaandika hivi, orodha ikiwa imerudishwa mwisho alipoiacha Acton, na muda ukiwa ndio mpangilio.

Jioni, chemsha lita moja ya maziwa. Yaache yapoe mpaka kidole kivumilie ukihesabu kumi. Koroga ndani yake vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari, funika, funga sufuria kwa blanketi, ulale. Asubuhi, yakiwa yameganda mpaka kijiko kinakata ukuta, yamimine kwenye kitambaa cha melimeli juu ya chujio na bakuli, funga, weka kwenye friji. Nenda kazini. Ukirudi, likwangue tango lako na ganda lake kama ni changa, litoe mbegu kama limekomaa, lichanganye na kijiko kidogo cha chumvi, liache lilale. Ponda punje ya kitunguu saumu kwa chumvi kidogo, ilaze kwenye kijiko cha maji ya limau. Likamue tango, likamue tena, mpaka liache kudondoka. Fungua kitambaa: mtindi ukisimamisha kijiko, uko tayari, usiposimamisha, urudishe uendelee. Changanya mtindi na kitunguu saumu na limau lake, kisha tango, kisha nanaa iliyokatwa wakati huohuo. Onja kabla ya kuongeza chumvi, maana tango limekuja na yake. Mafuta ya zeituni yamwage juu mwishoni, yasimame yenyewe. Poza mpaka brosheti ziive.

Sokoni: maziwa lita 1, yogati kopo 1, tango 1 kubwa, kitunguu saumu, limau 1, nanaa fungu 1, mafuta ya zeituni, chumvi.

Mapishi yangu ni marefu kuliko yale ya mwanzo, na mhariri wa jarida la upishi atataka kuyapunguza. Aanze kupunguza popote, ila asiguse sehemu zinazosema mpaka. Na aongeze mstari mmoja ambao fani ya orodha haina pa kuuweka, kwa kuwa orodha inahesabu vinavyoingia tu. Bakuli la chini ya chujio sasa lina karibu nusu lita ya maji ya mtindi, machachu, safi. Yapashe moto kidogo, yatumie kukandia unga wa chapati badala ya maji ya bomba, na chapati hizo ziwekwe mezani pamoja na bakuli la mtindi na tango.